Cheti Chako Kimerudi Kabuchai

Simiyu,

Nimekukasirikia. Nilitaka kuanza na salamu, lakini wewe hukupenda salamu ndefu, na nikingoja hasira ipoe sitaandika kamwe. Kwa hivyo soma hivi hivi.

Kwanza, ile picha. Kamati ya mazishi ilinipa mimi kazi ya kutengeneza programu yako, kile kijitabu cha mazishi, kwa sababu, walisema, "si wewe ndiye mtu wa kompyuta?" Nikachagua ile uliyopigwa nje ya duka letu la nembo na mabango hapa Kitale, umeshika rula, unacheka mdomo wazi, rangi kwenye shavu. Baba yako mdogo aliikataa hata sijamaliza kuifungua. Alitaka ile ya joho. Ndiyo, ile ile. Joho la mahafali, la kukodi, linalokufika vidoleni, kofia imekalia nyusi, na nyuma yako kiwiko cha mtu asiyejulikana. Nilikitoa kile kiwiko huku nalia. Uliwahi kuniambia kwamba ukifa nikitumia picha ile, utarudi kunisumbua. Nimeitumia na hujarudi. Hata hapo umeniangusha.

Kisha maneno. Wasifu wako ulitumwa kwa simu, pamoja na onyo kwamba nisibadilishe hata nukta. Digrii yako ilikuwa kila ukurasa. Mimi nilitokea mwishoni, karibu na shukrani kwa wenye hema na viti: "Katika kazi yake alikuwa akisaidiwa na msichana wa ofisini." Msichana wa ofisini! Majina yetu mawili yako juu ya mlango, na nusu ya nembo za maduka ya mbolea mjini humu ni mkono wangu. Na ni mimi niliyeipanga sentensi hiyo, nikainyoosha, nikaikuza kidogo ili wazee waisome bila miwani. Siku ya mazishi MC aliisoma kwenye spika, na watu wa kwenu Kabuchai wakageuka kuniangalia kwa huruma, wakidhani nimepoteza kibarua.

Najua ungesema nini. "Njeri, achana nao, bana. Karatasi haichori." Huo ndio ulikuwa wimbo wako. Ulisema chuo kikuu kilikufundisha kupanga foleni na kula chapati baridi, basi. Kila nilipotaja kujiandikisha, ulinicheka. "Ati ukasomee nini? Hii kazi unafanya tayari?" Nami nikacheka pamoja nawe, kwa sababu ulikuwa unanisifu, na nani hapendi kusifiwa? Sasa nakuuliza: ni nani mwenye nafasi ya kusema digrii haina maana? Ni yule aliye nayo. Umewahi kuona mtu mwenye njaa akisema ugali si lazima?

Cheti chenyewe ni mimi niliyekitundika, unakumbuka, juu ya mashine ya fotokopi, mahali wateja wanapotazama kabla ya kuketi. Wewe ulikishusha karibu kila asubuhi, ukakilaza mezani na kukatia stika juu ya kioo chake kwa wembe. Ulisema hapo ndipo mahali palipo tambarare kuliko pote dukani. Jioni nilikipangusa, nikakirudisha kwenye msumari. Kesho yake unakishusha tena. Nilikugombeza mpaka nikachoka.

Sasa habari za Kapsokwony. Siku ile ulipanda mlimani kuwaonyesha wakulima wa ushirika mfuko wa kahawa yao niliouchora, wewe uuzungumzie, kama tulivyozoea. Nilikupigia simu nikakwambia usishuke na pikipiki mvua ikinyesha, mteremko ule ni matope matupu, lala huko. Ukaniandikia "niko njiani." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu, Simiyu. Niko njiani. Hata hukuweka jina langu.

Baada ya kukuzika nilipanda mwenyewe. Kazi ile ndiyo ingelitoa duka letu kwenye nembo za mbolea, wewe ndiwe uliyesema. Wanakamati wa wakulima walinipa pole, wakanipa chai, kisha wakaniuliza kwa nini nimeweka kijani kizito vile, na kwa nini jina liko chini badala ya juu. Nilijua. Macho yangu yalijua kabisa. Lakini mdomo ulitoa, "Kwa sababu hapo ndipo linakaa vizuri." Wakatazamana. Wewe ungeongea mpaka chai ipoe, jinsi jicho linavyosafiri kwenye mfuko, jinsi nafasi tupu inavyofanya kazi, nao wangetingisha vichwa. Maneno hayo uliyapata wapi? Si huko huko kwenye foleni na chapati baridi? Mbona hukuniambia?

Mwenyekiti akauliza, "Madam, hii kazi ulisomea wapi?" Nikamwambia nimejifunzia dukani. Akafikiri, akasema kwa upole, "Basi tufanye hivi. Lete tu kopi ya cheti cha marehemu tuweke kwa faili. Kazi utafanya wewe, lakini jina ikae yake." Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa ananitafutia njia. Nilikaa pale na kikombe mkononi nikitambua kwamba wewe, uliye kaburini, bado ulikuwa mbunifu kuliko mimi.

Sitakudanganya, niliporudi nilikitazama kile cheti. Mashine iko chini yake, imewashwa. Nilikuwa nibonyeze tu, kazi iwe yetu, na msichana wa ofisini abaki msichana wa ofisini mpaka azeeke. Sikubonyeza. Nilimpigia mwenyekiti nikamwambia jina liwe langu au waniwie radhi. Wakaniwia radhi.

Kazi wamempa kijana mmoja wa Bungoma mjini. Ana digrii. Nimeuona mfuko wake. Ameweka kikombe kinachofuka mvuke, Simiyu. Kikombe! Kwenye kahawa, kama kila mtu! Hapo ungekufa mara ya pili. Kwa hivyo yeye digrii haikumpa macho, na mimi kuikosa kumenifungia mlango. Sijui tena nani kati yetu alikuwa sahihi, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hupo tubishane.

Cheti nimekirudisha nyumbani kwenu. Nilikifunga kwa kipande cha bango nikampelekea mama yako. Alinipokea vizuri, ananiita Njeli, na kwa kweli nimelizoea. Alikiweka mapajani, akaona ile mikwaruzo ya wembe, akadhani ni vumbi. Akapangusa kwa leso. Haikutoka. Akatemea mate kidogo, akapangusa tena, polepole, vile mtu anavyomsafisha mtoto uso kabla ya kanisa. Nilishindwa kumwambia. Nilimsaidia kupangusa, kisha nikatoka nje, nikasimama kando ya miwa nikakulilia, na hapo ndipo niliacha kukukasirikia kwa muda kidogo. Hasira imerudi sasa.

Nimejiandikisha chuoni. Masomo ni ya Jumamosi na Jumapili, nitakaa darasani na watoto ambao hawajawahi kumwona mteja akilia kwa sababu jina la mama yake limeandikwa vibaya kwenye programu. Usinicheke. Naenda kuchukua yale maneno uliyoninyima, na naenda ili siku moja nami niwe na haki ya kusema digrii haina maana, watu wasidhani ni wivu.

Lala salama, rafiki yangu mbishi. Jina lako litabaki juu ya mlango, nimeshalipaka rangi upya. Msumari wako uko pale pale, sijautoa. Siku nitakapopata changu nitakitundika hapo, na nakuahidi, kesho yake asubuhi nitakishusha nikatie stika.

Njeri