Baba, Lile Tangazo ni Langu

Dar es Salaam,
Jumanne, baada ya kazi

Kwa Baba yangu, Mzee Bakari Hamisi Mbonde,

Shikamoo, Baba. Shikamoo tena, kwa sababu ile ya kwanza ni ya kila siku na hii ya pili ni ya mtu aliyekosa. Naulizia afya yako, na safari hii siulizi kwa mazoea. Kifua kinaendeleaje? Dada Rukia ameniambia kwamba tangu Jumamosi unakula kidogo na unakaa muda mrefu uani bila kusema na mtu. Na Mama, goti lake vipi? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio haujatulia.

Utashangaa kuletewa karatasi wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu tangu Jumapili, na mara zote tatu nimeishia kuuliza habari za mvua na palizi. Ukiniuliza, "Haya, kuna jingine?" najibu hakuna. Lipo, Baba. Tena lililowatesa nyumbani lilikuja kwa sauti ya simu, sauti ya mtu msiyemjua, na kila aliyeisikia akaiamini. Ndiyo maana nimeona niandike kwa mkono. Mwandiko wangu unaujua tangu ulipokuwa unanikagulia madaftari.

Lile tangazo lililosema umekufa limetoka ofisini kwetu. Limepita mikononi mwangu. Mtani wako Mzee Chilumba hana kosa lolote.

Nimeyaandika hayo mapema ili hata ukikasirika ukaitupa barua hii, uwe umeshayasoma. Sasa naomba univumilie nieleze ilivyokuwa.

Nilipokuja likizo uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu ni ukarani tu. Ofisi yetu hutafuta wasomaji. Zile sauti unazozisikia redioni zikitangaza sabuni au zikihimiza chanjo, kuna mtu amechaguliwa kati ya wengi kuzisoma. Mteja akileta maandishi yake, sisi tunakata kipande cha kujaribia, tunakiita skripti ya majaribio, tunawatumia wasomaji. Kila mmoja anajirekodi kwa simu yake, anaturudishia, na mteja anachagua anayempenda.

Mwaka jana mimi na msimamizi wangu, Dada Judith, tulikuwa tunaziandaa skripti hizo moja moja. Mwaka huu imeletwa akili mnemba, yaani programu ya kompyuta inayosoma na kuandika kama mtu. Yenyewe inakata kipande, inajaza majina palipoachwa wazi, inawatumia wasomaji, inapokea sauti zao na kuzipanga. Mimi nimebakiwa na kazi moja: kusoma kila skripti kabla haijatoka na kubonyeza palipoandikwa "Idhinisha". Chini yake linajiandika jina langu.

Siku tunaifundisha, tuliijaribu kwa skripti ya salamu, zile salamu za redio ambazo Mama hazimpiti. Palitakiwa jina la mtu, jina la baba yake na mahali anapokaa. Dada Judith akaniambia, "Weka mtu yeyote, tuone kama inajaza sawasawa." Nikakuweka wewe. Niliandika kwenye jedwali: Mzee Bakari, mtoto wa marehemu Hamisi Mbonde, Kipatimu, kwenye mikorosho pacha.

Wasomaji kumi na wawili walikusomea salamu, Baba. Niliwasikiliza wote. Mmoja alilitamka jina lako taratibu na kwa heshima, kama linavyotamkwa kwenye ndoa, nikamrudia mara nne. Baada ya majaribio nilipaswa kuufuta mstari ule. Sikuufuta. Nilipenda kuuona pale kila asubuhi nikifungua kompyuta.

Wiki iliyopita akaja mteja mwenye mchezo wa redio. Ndani ya mchezo huo kuna tangazo la msiba, na majina alikuwa ameyaacha wazi: marehemu nani, mtoto wa nani, wa wapi. Akili mnemba ikakuta nafasi tatu tupu. Ikaenda kwenye jedwali, ikakuta mstari wenye jina, jina la baba na mahali, ikajaza. Yenyewe haijui kwamba salamu na msiba ni vitu viwili.

Mimi najua. Ndiyo sababu nimewekwa pale. Lakini siku ile zililetwa skripti thelathini na kitu za kazi mbalimbali, na kwa miezi miwili mashine ilikuwa haijakosea. Nilisoma ya kwanza, ilikuwa ya mafuta ya kupikia. Nikasoma ya mwisho, ya vitabu vya shule. Zote zilikuwa safi. Nikaidhinisha zote kwa pamoja, nikaenda kula.

Mmoja wa waliotumiwa lile tangazo ni kijana wa Lindi, ana sauti nzito ya kutuliza watu. Alilisoma vizuri akajivunia, akalituma kwenye kundi la simu la ndugu zake wamsikie. Juu ya karatasi yalikuwepo maneno "skripti ya majaribio", lakini hayo hayasomwi kwa sauti. Waliosikia walisikia msiba tu, na kwamba mazishi ni leo alasiri. Nimempigia jana. Akaniuliza, "Kaka, kumbe huyo mzee yupo kweli? Mimi nilijua mmembuni. Jina lake lilinikaa mdomoni vizuri sana." Nilishindwa kumlaumu.

Yaliyotokea nyumbani nimesimuliwa na Rukia, nawe uliyaona mwenyewe, ila nayarudia ili ujue nimeyaelewa. Tangazo lilimfikia Shangazi Mwajuma pale Kilwa Masoko asubuhi. Akapiga simu yako, imezimwa, maana ilikuwa dukani inachajiwa. Akapiga ya Rukia, haipatikani. Hakusubiri. Alinunua sanda, akapanda bodaboda, na barabara ile mvua ikiwa imeshaichimba. Rukia anasema alishuka analia bila kiatu kimoja, na wewe ndio ukawa unatoka shambani na jembe begani.

"We Bakari, umekufa au hujafa?"

"Nimekufa saa ngapi?" ukamwuliza.

Rukia anasema Mama alicheka kwanza, ndipo akalia.

Na kabla watu hawajakaa sawa, akafika Mzee Chilumba kutoka Nangurukuru. Naye alikuwa amesikia. Alifunga kibanda chake cha kutengenezea baiskeli akaja kufanya kazi ya mtani kwenye msiba wa mtani wake, kama alivyofanya babu alipokufa, alipolala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka watu walivyocheka huku wanajifuta machozi. Safari hii pia alianza kupiga kelele tangu njiani:

"Ee Mmatumbi, hata kufa hujui! Umekufa wakati wa palizi ili sisi Wamakonde tukulimie? Na koti langu liko wapi? Leteni koti langu kabla hamjamfukia!"

Miaka yote amekuwa akikwambia siku utakayokufa atalichukua koti lako la kijivu alivae kwenye mazishi yako, nawe ukimjibu kwamba mabega ya Mmakonde hayatalijaza. Kila mtu anaujua utani huo. Lakini siku hiyo aliingia uani akidai koti la maiti, na wewe umesimama pale hai, na Shangazi ana sanda mkononi.

Shangazi ndiye aliyesema, "Si ni huyu aliyelitunga! Mtazameni anavyocheka! Habari ya mikorosho pacha mtu wa redio angeijuaje? Hilo ni neno la humu ndani."

Ni kweli, Baba. Ni neno la humu ndani. Miti ile miwili ya korosho mbele ya nyumba hakuna anayeiita hivyo ila sisi na wachache waliokula nasi. Neno hilo ndilo lililomhukumu Mzee Chilumba, na neno hilo ndilo lililonihukumu mimi. Rukia aliponitumia ile sauti Jumapili asubuhi, nilikuwa na hasira kama ninyi mpaka niliposikia "kwenye mikorosho pacha". Nikakumbuka ni mimi niliyeyaandika maneno yale, kwa vidole hivi hivi.

Rukia ananiambia ulimwambia Mzee Chilumba, "Umenizika mbele ya mke wangu. Ondoka. Na nikifa kweli, usije." Anasema mzee alivua kofia akaapa kwa Mungu wake, na hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa wamezoea kwamba maneno ya mtani hayachukuliwi kweli. Anasema pia jambo ambalo nadhani hukuliona kwa hasira: alipokuja anapiga kelele za koti, macho yake yalikuwa mekundu na ndevu zimelowa. Alikuwa amelia njia nzima kutoka Nangurukuru. Hakuna mtu anayelia hivyo kwa tangazo alilolitunga mwenyewe.

Nimesikia tangu siku hiyo hajafungua kibanda. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Yule ni mtu mzima, mkewe alishatangulia, watoto wake wapo Newala, na hapo njia panda rafiki yake wa kweli ni wewe. Nikinyamaza, mnaweza kukaa hivyo hadi mmoja wenu afe kweli, na mwingine asiende.

Sitakuficha kwamba nilitaka kunyamaza. Jumatatu nilimweleza Dada Judith. Alifunga mlango, akaniambia, "Hamisi, lile tangazo haliwezi kufuatiliwa. Ukisema, mteja ataondoka, na jina lililo chini ya ile skripti ni lako, si la mashine." Ni kweli, kosa likija juu, kompyuta haiitwi kujieleza. Leo asubuhi nimerudi kwake nikamwambia nitaandika nyumbani hata kama kazi itaondoka. Akasema, "Andika. Ila ofisi usiitaje." Ndiyo maana hutaliona jina la ofisi humu. Kama atanifukuza mwisho wa mwezi sijui. Kila mlango ukigongwa nashtuka.

Ule mstari nimeufuta. Nafasi yake nimeandika majina ya kubuni, na sasa kila skripti naisoma yote kwa mdomo wangu kabla ya kubonyeza. Wenzangu wananicheka, wananiita muadhini. Waache wanicheke.

Baba, naogopa pia jambo lingine ambalo nikilisema utaniona mtoto. Naogopa kwamba sauti ile imeshatamka na haiwezi kurudi. Kila nikisikia simu inaita najua ni Rukia. Nimemwuliza imamu wa huku mtaani, akaniambia siku ya mtu kufa haiandikwi na karani. Nimejitahidi kupumua kwa hilo. Lakini kula, Baba, tafadhali. Kula ushibe, nipate kuambiwa kwamba umekula.

Nina ombi, na najua sina haki ya kuomba. Barua hii nitampa kondakta wa basi la kesho asubuhi, na nitampa nyingine yenye habari hizi hizi, nimwelekeze aiache Nangurukuru mkononi mwa Mzee Chilumba mwenyewe. Kwa hiyo ukifika hapa, yeye atakuwa ameshasoma. Sikukuomba ruhusa kwa sababu nilihofia ungekataa, na yeye angezidi kukaa na kufuli mlangoni. Katika barua yake nimekiri, nimeomba radhi, na nimempa haki ya mtani aliyekosewa: aje nyumbani kwetu achukue kitu chochote anachokitaka, na asiwepo wa kumzuia.

Nadhani unajua atakachokitaka.

Nisalimie Mama, umwambie mwanawe, ambaye yeye humwita "baba" kwa kuwa ana jina la mkwewe, anampigia magoti. Nisalimie Dada Rukia aliyenitunzia siri hii siku mbili bila kupenda. Shangazi Mwajuma mpe shikamoo yangu na umwombee radhi kwa kiatu na kwa njia. Ile sanda aliyoinunua mkabidhini imamu iwe ya msikiti, isikae ndani. Baba mdogo Selemani, mwambie nitampigia mwenyewe. Na watoto wa Rukia wasiambiwe lolote mpaka wawe wakubwa wa kucheka.

Mwisho, Baba. Ukisikia mtu anapiga kelele njiani akikutukana kwa kabila lako na kudai koti la kijivu, usimwulize nani kamtuma. Nimemtuma mimi. Mfungulie, umvalishe koti kwa mikono yako, na umtazame mabegani kama linamjaa. Alitaka siku zote kulivaa mbele ya watu wakati wewe huoni. Afadhali alivae unamwona.

Mimi mwanao niliyeidhinisha bila kusoma,

Hamisi Bakari