Makaburi Matano Kichwani mwa Shamba

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kwako, daftari langu, salamu na heshima zote zinazokustahili. Niwie radhi. Siku tisa sijakufungua. Si uvivu: miwani yangu ilivunjika mguu, nikaufunga kwa uzi, na mkono nao umeanza kutetemeka.

Nimeamka saa kumi na mbili. Chai bila maziwa. Kisha kufagia kaburi la Filomena, mke wangu, kama kila asubuhi tangu miaka mitatu. Liko peke yake kichwani mwa shamba la kijiji, upande wa kijito, kwa sababu wazee wa chifu hawakumtaka katika makaburi ya ukoo. Mtu wa Kasai, mgeni hapa, walisema. Sikugombana nao. Nilipaswa kugombana.

Vigingi vyekundu vya kampuni vimefika hatua sita kutoka msalabani pake. Wanataka shaba iliyo chini ya mahindi yetu. Chifu Kalasa amewapa shamba zima bila kutuuliza, na kijiji chote cha Kasombwe kinakula kutoka shamba hilo.

Jambo moja la kuchekesha, Mungu anisamehe. Dezire, mwanangu wa ubatizo, ambaye zamani aliwabebea wapima ardhi vyombo vyao, aling'oa vigingi juma lililopita. Akavipanda upya kwa vipimo sahihi kabisa, vikikata katikati ya ua wa chifu. Dereva wa buldoza akafuata vigingi. Ukuta ukalala. Banda la nguruwe pia. Sasa polisi wanamtafuta, na watu wamembandika jina: Mupimaji.

Nilimfundisha mimi hesabu. Sijui kama nijivune au nitubu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Padri hakuweza kufika. Niliwapaka waamini mimi, kwa ruhusa yake.

Saa nne buldoza limerudi. Limelaza mahindi ya Mama Astrida, jirani yangu, mjane. Yalibakiza majuma matano tu. Alisimama mbele ya chuma mpaka polisi wawili wakambeba, majivu yakiwa bado usoni. Mpiga mbiu wa chifu ametangaza: shamba lote liwe wazi kabla ya Pasaka.

Mchana akaja mwuza makala, yale makaa ya kupikia, na baiskeli yake, magunia matatu, uso mweusi. Nilimweleza kwa adabu kwamba sina haja ya makala. Akacheka. Dezire!

Ametoa fikra yake. Kaburi moja kampuni huliondoa kwa karatasi moja. Makaburi matano ni mahali pa makaburi, na mahali pa makaburi kwa sheria hapachimbwi. Kwa hiyo tuzike. Kumzika nani? Hakuna mtu. Mabua ya mahindi katika sanduku, mchana kweupe, kwa nyimbo na machozi.

"Papa Mwalimu, nani atasimamisha bantu banabeba maiti? Hata polisi anavula kofia."

Anataka niandike majina katika kitabu cha wafu cha kanisa letu dogo. Nakitunza mimi tangu nilipostaafu ualimu. Hakuna uongo ndani yake, hata wa siku moja. Nimemwomba radhi, nikakataa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimekwenda mjini kujaribu njia ya haki. Koti la harusi yangu. Ofisi, benchi, saa tano hadi saa tisa. Mwishowe karani mmoja mwenye huruma akanifungulia jalada, akageukia dirisha ili asionekane ananionyesha. Hati ya chifu, na sahihi yake: "Katika shamba hilo hakuna kaburi, wala hajazikwa mtu yeyote."

Wala hajazikwa mtu yeyote.

Nilimshukuru karani. Nikasahau mwavuli. Nimetembea mpaka mtaa wa Makomeno kwa binti yangu Klotilda, nikanywa maji, sikumwambia neno. Anasisitiza nihamie kwake. Mimi nina chumba kinachoningoja huko. Mama yake hana.

Nina hasira. Naandika hivyo kwa sababu sijaizoea.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimeandika majina manne.

Kubuni watu sikuweza. Nimewachukua watu wa Filomena: baba yake, shangazi yake, kaka zake wawili. Mwaka ule watu wa Kasai walipofukuzwa kutoka jimbo letu, waliketi kituoni majuma mengi wakingoja treni. Wanne hao walikufa huko na kuachwa kando ya reli. Hakuna kitabu kilichowapokea. Filomena alipona kwa kuwa nilimficha. Tukahama nyumba tatu.

Majina ni ya kweli. Tarehe ni za uongo. Mwandiko wangu umepinda.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Msiba wa kwanza umepita. Tumesema mzee ameletwa kutoka mjini. Mama Astrida amelia hata nikasahau kilichomo sandukuni. Labda aliyalilia mahindi yake. Polisi walivua kofia. Dezire mwenyewe alitangulia na msalaba, katika joho la kwaya, akipita mbele ya wanaomtafuta.

Ameamuru kila msiba jogoo wa udongo, yaani wa kulipia ardhi ya kaburi, apelekwe kwa chifu, kama desturi inavyodai. Niliuliza kwa nini tumlishe adui wakati watoto wana njaa.

"Acha akule, Papa. Kinywa inakula leo, kesho itasema nini?"

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Misiba minne imekwisha. Makaburi matano, mstari mmoja. Dezire ameyapaka yote chokaa na kuyapa misalaba ya namna moja, hata la Filomena. Mgeni hawezi kuyatofautisha. Kwa dakika moja nami nilisita, na nikaona haya.

Chifu ameshtuka. Amekuja kwangu, akakataa kiti.

"Mwalimu, kijiji yako inapenda kufa sana mwezi hii."

Nilimjibu kwamba ni mapenzi ya Mungu, na kwamba tunamwomba radhi kwa usumbufu. Akatema mate mlangoni. Kabla jua halijashuka, walinzi wake walikuwa wamebomoa nyumba mbili. Wenye nyumba wako kanisani, pamoja na vyungu vyao. Tunakula majani ya viazi, asubuhi na jioni. Kuna watoto wanaolala wakati wa masomo kwa njaa.

Siwezi kuomba. Naanza sala, naishia katikati.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Mkaguzi wa serikali amefika kutoka mjini. Kijana, viatu safi, mpole. Kwa miguu hadi kwenye makaburi, chifu kando yake, kijiji chote nyuma.

Chifu alianza kupiga kelele mapema. "Ni uongo! Hapa haiko muntu! Banazika magogo!"

Mama Astrida akajitokeza, mikono kiunoni. "Shefu, ulikula jogoo ine ya bulongo. Ulizania tunazika nini? Mihogo?"

Watu walicheka. Polisi mmoja alicheka. Mkaguzi hakucheka. Aliomba kitabu cha wafu, akakisoma kwa makini, akausifu mwandiko. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha akatoa uamuzi. Chifu ameapa kwa maandishi kwamba hakuna mtu. Kitabu kinasema wako watano. Lifunguliwe kaburi moja. Akikutwa mtu, hati ya chifu ni ya uongo na mkataba umekufa. Likikutwa tupu, kitabu ndicho cha uongo, na buldoza linaingia. Lakini bila idhini ya familia hawezi kufungua.

"Bon. Mukikataa bote, nitaandika kama haiko muntu. Nawapa mpaka Alhamisi."

Familia zilizojifanya wafiwa zimekataa zote. Zingefanya nini?

Jumatano, tarehe 19 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Sijala.

Dezire amenitumia neno kwa Mama Astrida: hana hila nyingine. Tangu utoto wake sijamsikia akisema hivyo.

Liko kaburi moja lenye mtu. Kijiji kizima kinajua. Kutwa nzima wamepita mlangoni kwangu, wamenisalimu, wameniuliza habari za miwani. Hakuna aliyelitaja. Wana njaa, kesho watafukuzwa, na hakuna aliyelitaja. Adabu yao imenivunja.

Juma la mwisho wa uhai wake Filomena aliniambia: "Nimehamishwa mara tatu, Anselmi. Pale utakaponilaza, uniache." Niliapa. Nilishika mkono wake nikaapa.

Nisamehe. Nisamehe. Sina neno jingine.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Nimetia sahihi saa tatu. Jina langu lote, kama nilivyofundishwa na mapadri. Nikamwonyesha mkaguzi msalaba wa kwanza kutoka kijitoni. "Familia inakubali," nikasema.

Mama Astrida alijifunika uso kwa kitenge.

Chifu alifungua kinywa. Alikuwa anajua ni nani aliyelala pale. Yeye ndiye aliyemkataa. "Ile hapana! Ile ni ya…" Mkaguzi akamgeukia, akauliza: ni ya nani? Aliyeandika kwamba hakuna mtu hawezi kusema mtu yuko wapi. Sikufurahi.

Vibarua wawili walichimba. Niliombwa nisogee mbali. Nilikataa, kwa adabu. Mume haachi mke wake peke yake na wageni.

Ubao ulikuwa umelegea. Niliona kitambaa cha buluu cha kichwa, kile cha Jumapili. Niliona rozari. Zaidi ya hapo sitaandika.

Mkaguzi alivua kofia. Akasema inatosha. Akaandika akiwa amesimama, karatasi juu ya kiganja: mahali pa makaburi, mkataba hauna nguvu, buldoza liondoke. Alinipa mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi kuliko wangu.

Vibarua wakashika majembe kumfukia. Ndipo mtu akatoka kati ya mahindi, bila joho, bila makala, uso wake mwenyewe. Nilimfanyia ishara arudi. Hakurudi. Akachukua jembe kutoka mkononi mwa kibarua.

"Papa, mama haiwezi kufunikwa na bantu bamelipwa."

"Ni ye!" chifu akapiga kelele. "Mupimaji! Mumukamate!"

Kamanda wa polisi alimtazama Dezire, akatazama shimo. "Amalize kwanza," akasema.

Amemaliza. Hakuharakisha. Aliushindilia udongo kwa miguu, polepole, kama mtu anayeogopa kuumiza. Akausimamisha msalaba, akarudi nyuma hatua tano, akafumba jicho moja kuhakikisha umenyooka. Haukuwa umenyooka. Akaurekebisha. Kisha akanyoosha mikono miwili kwa polisi.

Mwerevu huyu alifanya jambo moja lisilo la werevu, nalo alilifanya kwa ajili yangu. Wamempeleka.

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Sikufagia. Sina uso wa kumwendea.

Jumapili, tarehe 30 Machi

Niwie radhi tena, daftari, kwa siku hizi za kimya.

Buldoza limeondoka juma lililopita. Limeacha alama za minyororo barabarani, na mvua imezijaza maji. Kalasa bado ni chifu. Hatoki uani. Ukuta wake hajaujenga. Nyumba mbili zilizobomolewa zimepata matofali, kidogo kidogo. Mahindi yaliyobaki yatavunjwa baada ya siku kumi. Mama Astrida hana mahindi. Kila mwenye shamba amemkatia mistari miwili ya kwake.

Dezire yuko gerezani. Hajahukumiwa. Anawafundisha wenzake hesabu, nimeambiwa, na ameomba penseli.

Nimerudi kufagia. Sasa nafagia makaburi yote matano. Si haki kufagia moja na kuruka mengine. Majina yale yalingoja miaka mingi mtu wa kuyafagilia.

Baada ya sala nimemwandikia Klotilda. Nimemwomba radhi kwa kuchelewa, na kwa kufungua kaburi la mama yake bila kumwuliza. Amekwisha kusikia kutoka kwa watu; hajanipigia simu. Ana haki. Nimemweleza pia mahali pa kunilaza siku yangu itakapofika: kaburi la pili, ubavuni mwa mama yake. Wasichimbe mahali papya. Wafungue lile, waondoe mabua, waniweke. Hapo mstari mmoja katika kitabu changu utakuwa na mtu.

Msalaba wa pale una jina la baba mkwe wangu. Kwa desturi mkwe hali mbele ya baba mkwe, sembuse kulala kitanda chake. Nitabisha hodi. Nitamweleza kwamba nyumba zote nyingine zilijaa. Naamini ataniwia radhi.

Barua imefungwa. Ataibeba Mama Astrida, Jumanne, akimpelekea Dezire chakula na penseli.