Mpaka wa Digrii Tisini

Rubondo, 3 Februari 2025

Mwanangu Byamungu,

Salamu mingi kutoka nyumbani, hapa kambini. Mimi niko muzima. Simu yangu ilikufa, ndiyo maana naandika. Dereva wa pikapu atakufikishia barua hii pamoja na inverta yetu ya umeme wa sola. Imeungua tena. Transista ulizobadilisha zilipasuka mchana, jua likiwa kali juu ya mabati, na mashine ya oksijeni ya mama yako ikazimika. Tulimkimbiza zahanati kwa pikipiki. Sasa hata kuongea kunamchosha, anaonyesha kwa mkono. Tengeneza, lakini safari hii uniambie kwa nini inakufa.

Baba yako, Grégoire

Mbarara, 7 Februari

Baba mpendwa,

Jambo. Nafurahi wewe uko mzima. Kwa ajili ya Mama nimelala vibaya. Inverta ndiyo hii, nimeitengeneza. Inauawa na joto. Ndani ya kila transista kuna kipande cha silikoni kidogo kama punje ya mtama. Moto unazaliwa pale, na hakuna anayeweza kukigusa, tunakisia tu: unapima ganda la nje, unaongeza joto linalokwama ndani. Hilo la ndani nimelikisia digrii thelathini na tano. Kiwanda kinasema kipande hakivumilii zaidi ya mia na hamsini. Mimi sitaki kipite mia na ishirini na tano, maana sina transista nyingine na makisio yangu si ya uhakika. Nimefunga kipimajoto juu ya ganda. Kikisoma tisini, zima, iache ipoe, kisha uwashe.

Mwana wako, Byamungu

Rubondo, 18 Februari

Mwanangu,

Habari za huko? Kazi inakwenda? Inverta ni nzuri. Asubuhi na usiku mama yako anapumua, juzi alikula bugali. Taabu ni mchana. Nimeihamisha fasi ya kivuli, naipepea, bado inafika tisini. Nikizima, anakaa mlangoni ameshika magoti, midomo inabadilika rangi. Jana alinishika mkono kwenye swichi.

"Acha kidogo," akasema.

"Ni mtoto wako amekataza."

Akaniachia.

Je, kati ya tisini na ile inayoua hakuna nafasi? Hata kidogo. Nitafanya vile utasema.

Baba yako

Mbarara, 1 Machi

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta vizuri. Unisamehe kukawia. Nilitafuta inverta ya aina hiyo niipime kwanza. Sikutaka kukisia mara ya pili. Leo imeletwa kwenye atelye, hapa ninapotengenezea. Umeme unaopotea ndani ya transista ni nusu ya nilivyodhani. Hata ganda likifika mia na kumi, ndani hapafiki mia na thelathini, na kiwanda kinaruhusu mia na hamsini. Nafasi iko, Baba, tena kubwa. Usizime mchana. Mwache Mama apumue. Nimempigia nesi Viviane, jirani yetu, simu yake haipatikani. Dereva anaondoka sasa.

Mwana wako

Rubondo, 9 Machi

Mwanangu Byamungu,

Sikuulizi habari. Ulikuja kumzika mama yako, ukabeba jeneza na wengine, ukarudi Mbarara bila kuniangalia usoni. Nilidhani umenikasirikia mimi niliyezima. Leo ndiyo dereva ameleta barua yako. Gari lilikuwa limekwama kwenye matope upande wa Juru. Sasa naelewa kile ulichokuwa umebeba siku ile.

Alikufa mchana ule ule ulipoandika barua hiyo. Nilikuwa nimezima, tumekaa pamoja tukingoja kipimajoto kishuke. Hakulalamika. Aliuliza kama mvua itanyesha, nikatoka kuangalia mawingu. Niliporudi kumwambia, hakuwa tena wa kuambiwa.

Viviane anasema mapafu yalikuwa yamekwisha, hata mashine isingemfikisha Pasaka. Labda anasema kweli, labda ananihurumia. Wewe utataka kupiga hesabu ya jambo hilo. Usiipige. Mimi nimejaribu, haina mwisho.

Inverta haikuungua. Nimeipeleka pamoja na mashine kwa Godeberthe, yule Mrundi wa karibu na kanisa, naye anaumwa kifua. Nimemwambia asizime mchana.

Mvua imeanza na maharagwe hatujapanda. Njoo Jumamosi. Si lazima tuongee.

Baba yako