Mikwaruzo Mbele ya Usukani

Jumamosi, 20 Aprili 2024

Mkono wangu huu ungekatwa! Hapana, astaghfirullah, bado nina sufuria za kuosha.

Asubuhi nilikuwa uani na mtambo wa shaba wa kukenekea maua, kuyatoa maji ya marashi. Kila mwaka kabla maua ya mdanzi hayajafika sokoni nausugua kwa unga wa tofali na limau, mpaka nione meno yangu ndani yake. Mume wangu Alawa akapita. Mama Nesrini, anasema, ukimaliza nipangusie vumbi kwenye Pijo, maana tarehe mbili litambeba bibi harusi. Nikaenda na kitambaa kile kile. Pamoja na unga wake. Nikaona kile kioo cha plastiki kilichofunika mishale ya spidi na petroli kina ukungu, nikajiambia kidogo tu, kama ninavyofanya sinia. Basi nikakisugua kama sinia.

Kilipokauka — mikwaruzo tupu, duara juu ya duara. Themanini haisomeki.

Miaka thelathini na moja analo gari hili. Ndilo lililonifikisha hospitali kumzaa Nesrini, mtoto wetu mmoja, baada ya miaka tisa ya kungoja. Humo haliwi hata punje ya alizeti. Na tangu binti ana wiki moja, Alawa anasema: siku ya harusi yako nakupeleka mwenyewe, simwachii mtu usukani.

Sijamwambia. Nimefunga mlango wa gari polepole, nikaja kupika.

Jumapili, 21 Aprili

Tumekwenda naye kununua maua, kilo tano. Nilikaa kiti cha mbele, macho nje, nasoma dua zote nizijuazo. Hakusema kitu. Alipofika aliipangusa plastiki kwa ncha ya shati lake, kama kawaida yake, akazima gari.

Nimeponea chupuchupu. Nyumba nzima inanukia maua.

Jumanne, 23 Aprili

Nimemwendea fundi Sadeki, yule wa chini karibu na daraja. Nikamwambia ni gari la jirani. Akauliza jirani huyo kasugulia nini. Nikasema unga wa tofali. Akakaa chini kabisa, akacheka mpaka akafuta machozi. Mama, anasema, jirani yako alitaka kukaangia mayai mle?

Lakini mtu mzuri. Kanifundisha: kwanza maji na sabuni, vumbi lote litoke, kwa sababu vumbi kavu na kitambaa kikavu ndivyo vinavyokwaruza. Halafu dawa ya meno nyeupe, si ile ya rangi, kwa kitambaa laini cha pamba, viduara vidogo, usikandamize. Ikishindikana, msasa wa maji, ule laini kuliko wote, kisha polishi. Petroli usiguse, plastiki itageuka maziwa. Msasa na polishi kanipa mwenyewe, hakutaka chochote. Msalimie jirani, anasema.

Alhamisi, 25 Aprili

Alawa alipolala mchana nikashuka na dawa ya meno. Saa nzima. Mgongo umekufa. Mikwaruzo midogo imetoka, ile mikubwa imekaa pale pale inanitazama.

Jioni kaingia garini, akanusa. Nani kapiga mswaki humu? Nikasema labda wewe. Tukacheka wote.

Halafu nimekuja jikoni nikasimama. Kanusa. Hajaona. Mwanamume aliyewahi kuliona ganda moja la alizeti chini ya kiti cha nyuma, akaninunia siku mbili.

Ijumaa, 26 Aprili

Sitaki kuandika ila nitaandika.

Baada ya kula kuskusi tulikwenda kumwona dada yangu. Njiani nikamwuliza, kwa sauti ya kawaida tu, petroli imebaki ngapi. Akagonga plastiki kwa kidole. Ipo, anasema, nusu. Mshale ulikuwa kwenye nyekundu. Mimi niliuona, pamoja na mikwaruzo yangu yote.

Gari lilizimika katikati ya mlima. Magari nyuma yanapiga honi. Kageji kameharibika haka, anasema, na shingo imemwiva. Nikasema ndiyo, kameharibika. Kijana wa pikipiki akatuletea petroli kwenye chupa.

Sasa yote nayaona. Karatasi za dawa ananipa mimi, soma wewe, miwani sijui iko wapi. Kahawa anamimina pembeni ya kikombe na kukilaumu kikombe. Nami nilikuwa nasema uzee, nasema uvivu. Moyo wangu unauma. Mke wa miaka arobaini, na sikuona.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimemaliza kazi. Msasa wa maji, taratibu, kisha polishi, kisha kitambaa. Kioo kimetakata, unahesabu mpaka vimistari vilivyo katikati ya namba. Nikamwita. Nikamkalisha mbele ya usukani, mimi pembeni yake, milango imefungwa.

Nikamwambia Baba Nesrini, nisamehe, wiki iliyopita nilikikwaruza kwa unga wa tofali. Leo nimekitengeneza. Waonaje?

Akauliza: ulikikwaruza lini?

Akapitisha kidole gumba juu ya plastiki. Kisha akasema polepole kwamba tangu Ramadhani ya mwaka juzi alidhani ukungu ni wa plastiki, imezeeka. Ndiyo maana anaipangusa kila siku. Kila siku, Zulikha, anasema, na haitakati. Hajaniita kwa jina langu miaka mingi.

Nikamshika mkono.

Nikasema daktari wa macho anautoa ukungu huo wa machoni siku hizi, nusu saa tu, dada yangu alitolewa. Akasema najua, nitakwenda, wallahi nitakwenda. Baada ya Alhamisi. Nimfikishe kwanza kwa mumewe, kisha ufunguo nakupa utupe darajani. Usimwambie mtoto.

Nikasema sawa. Kwa nini nilisema sawa? Kwa sababu nampenda huyu mzee, ndiyo sababu.

Jumatatu, 29 Aprili

Anaikariri njia. Nimemkuta barazani, mikono hewani kama ameshika usukani, ananong'ona: kona ya duka la dawa, kona ya shule, daraja, mteremko. Nikamwambia watoto wanaovuka barabara je, nao umewakariri? Akaishusha mikono. Nikajuta, nikamkatia chungwa.

Jumatano, 1 Mei

Nyumba imejaa wanawake. Naandikia chooni, ndipo penye nafasi.

Nilifikiri nitakaa mbele nimwelekeze. Wapi! Mama wa bibi harusi haendi kwa wakwe siku hiyo, anabaki nyumbani na machozi yake, hata mimi mama yangu alibaki. Dada yangu nilipomdokeza tu akaniziba mdomo: unataka waseme umemsukuma binti yako mpaka mlangoni kwao?

Nesrini ananipaka hina, anacheka: mama, hata waje na gari la dhahabu, mimi napanda Pijo la baba tu.

Nimemvuta Alawa stoo. Nimemwambia ukweli wangu: magari kumi na mawili nyuma yako, mtoto ndani, daraja lile. Mwambie mwenyewe, au nasema mimi mbele ya watu wote. Akasema nipe mpaka asubuhi. Akanibusu kichwani, akatoka na sinia la keki kana kwamba hapana neno.

Alhamisi, 2 Mei

Asubuhi imepita. Hajasema.

Niko dirishani, chumba cha juu, wameniacha peke yangu nilie kama inavyotakiwa. Nimelia. Daftari liko juu ya kizingiti cha dirisha. Chini vigelegele, ngoma, honi. Pijo limefungwa maua, linang'aa. Nikimwona anafungua mlango wa mbele, nitapiga kelele. Nimeapa.

Wametoka. Alawa kavaa bernusi yake nyeupe, lile joho la sufi, ameinua mkono, na Nesrini amepita chini ya joho la baba yake kama tulivyopita sote tulipoolewa. Mwanangu.

Kuna ngazi tatu mpaka barabarani. Alawa anaitafuta ya kwanza kwa mguu. Anapapasa. Nesrini ameangalia mguu ule. Amesimama. Sasa kaangalia juu, huku kwangu.

Sikumwambia.

Amemshika baba yake mkono, amemshusha ngazi yeye, bibi harusi na gauni lake zima. Wamefika kwenye gari. Anasema kwa sauti, mpaka wapiga ngoma wamesikia: Baba, mimi naogopa kukaa nyuma peke yangu. Njoo tukae wote, unishike mkono mpaka tufike. Mjomba ataendesha.

Honi zimenyamaza. Kaka yangu amenyoosha kiganja kuomba ufunguo, anatabasamu, hajui kitu.

Alawa amesimama. Mkono wake uko juu ya paa la gari, baina ya mlango wa mbele na wa nyuma.