Kufanana na Kuwa Yuleyule

Same, Jumanne

Ile kompyuta ya mtumba ya ofisini imenitia hasira. Nimeandika kwa Lisp, lugha ya kuipa kompyuta maagizo, fanksheni mbili (vipande vya maagizo) za kuiongezea kazi programu ya kuandikia, sawa neno kwa neno. Nikauliza: zinafanana? Ikajibu ndiyo. Nikauliza: ni ileile moja? Ikajibu hapana. Kumbe kwake hayo ni maswali mawili. Nikaizima.

Nyumbani nilimkuta Mama, ameshuka kutoka kijijini Suji, kule milimani, na makande yake. Mwanangu Mbonea, aliyepewa jina la marehemu baba yangu, akamwamkia, "Shikamoo bibi."

Badala ya marahaba, Mama akamwambia, "Mume wangu, mbona umekawia? Samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu wako wapi?"

Tukacheka. Ndivyo anavyomtania tangu alipozaliwa. Lakini leo Mama hakucheka. Alikuwa akiangalia mikono ya mtoto, akisubiri samaki.

"Bibi, mimi si babu."

Mama akanigeukia mimi, kama vile nitamwambia ukweli.

Naogopa. Zamani Mama alijua kwamba maswali ni mawili: anafanana na babu yake? Ni babu mwenyewe? Sasa amebakiwa na moja.

Kompyuta ilisema hapana bila kusita. Mimi nilimwambia Mama samaki wanakuja.