Gundi ya Karatasi za Baba

Shoga, mbona hupokei? Basi naandika.

Ni sigara. SIGARA! Miaka miwili mkate hauingii nyumbani, sufuria ya Baba naifungia kabatini, daktari kakataza gluteni, hata chembe ya ngano, na bado tumbo linamwendesha, anakwisha tu.

Leo nimemuuliza yule muuza tumbaku anayetengeneza karatasi za kusokotea sigara, kwa utani tu, hii gundi ya pembeni ni ya nini?

“Uji wa ngano, dada. Naukoroga mwenyewe.”

Uji wa ngano! Na anajisifu!

Na Baba huilamba, shoga. Kila sigara anailamba. Na karatasi namnunulia mimi.

Mama wa kambo je? Nilimtukana mbele ya majirani kwamba anamtilia Baba unga wa ngano makusudi. Akafunga virago, hata hakujitetea. Namba yake haipatikani tena.

Nimemweleza Baba yote. Akasema, “Kumbe mke wangu aliondoka bure.”

Akasokota sigara nyingine. Akailamba huku ananitazama, akaniomba kiberiti.

Nikampa.