Simu Yako Bado Inadhani Upo

Papa wangu mpendwa,

Ni saa kumi alasiri, saa yako ya kufika nyumbani ukitoka zamu. Kwa miezi kumi na moja tangu tukuzike, saa hii imenikuta kwenye kiti chako, simu yako mkononi, nikiangalia kwaya nisiyoipenda. Sikukosa siku hata moja. Kama ningekwenda kanisani kwa bidii hiyo, mchungaji angenipa cheo.

Acha nikueleze, maana katika nyumba hii ni wewe peke yako uliyewahi kuniuliza kazi yangu ni nini. Unakumbuka? Ulikuwa umetoka kiwandani Muganza, vumbi la saruji limekaa kwenye nyusi, Maman anakumiminia maji ya kunawa. Nikakwambia ninatafiti mashine zinazomchagulia mtu video za kuangalia, na pia namna ya kutafuta kitu kilicho ndani ya video yenyewe, sura au wimbo, hata kama hakuna aliyeandika jina lake. Ukauliza hiyo mashine inajuaje wewe unapenda nini. Nikasema inatazama unachotazama, unakaa nacho muda gani, unakikatia wapi. Ukanawa uso polepole, kisha ukasema, "Donc ni voisin. Anachunguliaka ku dirisha, kisha anasema anakujuwa." Maman alicheka mpaka maji yakamwagika. Mimi nilikasirika kidogo, nakiri. Sikusoma miaka yote ile ili kazi yangu iitwe jirani mmbea.

Siku ya tatu baada ya mazishi, wageni wa Bukavu walipokwisha kuvuka mpaka kurudi kwao, nilifungua simu yako nikitafuta picha. Kabla ya picha nikakutana na ile orodha ya video: kwaya za Bukavu, kwaya za Uvira, mzee mmoja anayefundisha kufuga sungura, mahubiri. Zote zimepangwa, zinakungoja. Papa, nilihisi umeingia chumbani. Nguo zako Maman alishazigawa, viatu vyako alipewa jirani, lakini mle ndani mlikuwa na kitu ambacho bado kinafikiri kama wewe. Nikasema moyoni, hiki hatutakizika.

Hapo ndipo nilipojifunga kwa mikono yangu. Mtu mwingine angeiweka simu kabatini akafikiri ameitunza. Mimi ninajua kwamba orodha kama ile haitunzwi kwa kuachwa. Ukiiacha inakusahau, na ukiangalia kitu kingine inageuka. Ilibidi niangalie kama wewe, saa zako, mahali pako: kwaya mpaka mwisho, sungura nusu, mahubiri mpaka mchungaji aanze kupaza sauti, hapo nakata kama ulivyokuwa ukikata.

Nilikosea mara moja. Nilikuwa kwenye gare, kituo cha magari cha Kamembe, nikingoja gari, simu yangu imezimika, nikachukua yako niangalie mtindo wa kusuka. Dakika tatu tu. Kesho yake orodha yako ilikuwa imejaa vichwa vya wanawake. Nililia, Papa. Mtu mzima mwenye shahada mbili, analia kwa sababu ya rasta. Nilikaa wiki nzima nikiangalia kwaya asubuhi na jioni mpaka zile nywele zikaondoka.

Kisha akaja Tantine, dada yako, na beseni lake la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akiwa njiani kwenda mpakani. Akaomba simu yako aangalie ubatizo wa mjukuu wake. Nikamkatalia. Alishusha beseni chini ndipo akasema, "Unanikatalia simu ya kaka yangu? Miye nilimubebaka ku mugongo." Ningemjibu nini? Kwamba ubatizo ule ungekuharibu? Niliitia simu mfukoni. Tangu siku hiyo akivuka Rusizi hapiti tena kwetu.

Chuoni nako wananisubiri. Msimamizi wangu ameandika mara nne kuuliza sura ya nne ya utafiti iko wapi. Ningeweza kurudi Kigali na simu mfukoni, ila simu inajua na mahali ilipo, na mahali pakibadilika orodha nayo inaanza kuhama. Basi nikabaki. Watu nimewaambia nimebaki kwa ajili ya Maman, nao wakanisifu sana. Kuna alasiri nilikuwa nasikia pikipiki zikiteremka kwenda gare, nikatamani mtu anishike mkono aniondoe kwenye kile kiti kwa nguvu, maana mwenyewe nilikuwa siwezi.

Wiki iliyopita Maman alirudi mapema kutoka sokoni. Alikaa karibu nami akachambua sombe, majani yake ya muhogo, akasikiliza ubeti mmoja, akauliza, "Ile kwaya unaipendaka?"

"Hapana, Maman. Papa ndiye aliyeipenda."

Alinitazama kama mtu aliyesikia nimesahau jina la baba yangu. "Papa yako? Miye njo nilikuwa naipenda. Yeye alikuwa anaangaliaka juu yangu. Miye niko napika, yeye anaongeza sauti ili nisikie."

Nikamwuliza kuhusu mahubiri, yale uliyokuwa ukiyakata.

"Kichwa changu njo kilikuwa kinaumaka. Ule mupasta anapiga makelele sana."

"Na sungura?"

"Miye nilitaka sungura. Akanionyesha video, akakatala sungura."

Nikamwuliza, sasa Papa mwenyewe alipenda nini? Maman aliacha sombe kidogo. "Nikienda tu ku soko, anazima. Kila mara nilikuwa namukutaka hivyo, anakaa, simu imefungwa, haongei na muntu. Ile mashini ya kuvunja mawe ilimuchokesha masikio. Papa yako alipendaka kimya."

Papa, kuna jambo tunalowafundisha wanafunzi wiki ya kwanza kabisa: simu haijui nani yuko chumbani. Nimelisema mara nyingi mbele ya watu, nimesimama vizuri, nimevaa vizuri. Na miezi kumi na moja nilikuwa namtunza Maman nikidhani nakutunza wewe, na Maman mwenyewe yu hai, yuko hatua tatu kutoka kwangu, na sikumwuliza hata mara moja. Ulichokipenda wewe hakikuacha alama popote, kwa sababu simu iliyozimwa haina cha kuandika.

Nilikukasirikia, usifikiri sikukukasirikia. Ungesema tu. Miaka yote ile ya kwaya, masikio yamechoka, na husemi. Hasira ilipopoa nikaona aibu, kisha wivu, maana sijawahi kupendwa na mtu wa kunisikilizia nyimbo asizozitaka.

Maman alifuta mikono kwenye kitenge akachukua simu kwangu. Nilimwachia. Aliishika vibaya, kidole kikigusa kila kitu, na kwa mara ya kwanza sikuogopa kitakachobadilika. Akasema, "Na weye? Weye unapendaka nini? Leo tuangalie ya weye."

Kazi yangu ni hiyo, Papa, kujua watu wanapenda nini kabla hawajasema. Nilitafuta wimbo mmoja, mchezo mmoja, hata ule mtindo wa nywele. Nikakosa. Nimeangalia kwa macho ya mwingine muda mrefu kiasi kwamba yangu sijui niliyaacha wapi. Maman hakunikimbiza. Mwishowe akasema, "Haina shida. Kesho utajuwa," akarudi kwenye sombe yake.

Hiyo kesho ilikuwa siku nane zilizopita. Kila alasiri ananipa simu na kuniuliza, na kila alasiri namrudishia bila jibu.

Pumzika, Papa, katika kimya chako ulichokitaka. Mimi bado nimekaa kwenye kiti chako. Mlango uko wazi, hakuna anayenizuia, na sijui niinuke niende kwenye nini.

Ni mimi, binti yako wa kwanza